Jinsi ya kuwa mtu anayeweza kuambiwa

Mzazi anayesema kwa uhakika kwamba mwanawe akibakwa atamwambia hajajiuliza jambo moja: akishaambiwa, atafanya nini? Mara nyingi aliyebakwa amekwisha kulijibu swali hilo moyoni, na jibu lake ndilo linalomfunga mdomo.

Msichana aliyetoka Mpwapwa kuja kusoma Dodoma mjini, akafikia kwa mjomba anayemlipia ada, anajua kwamba akimtaja mjomba huyo atakosa masomo, mahali pa kulala na pengine hata ndugu wa upande wa mama yake. Mwingine anahofia kwamba wazee watakaa kikao, watatoza mbuzi kadhaa na kutangaza kuwa shauri limekwisha, ilhali yeye hakuulizwa neno. Yupo anayemficha baba kwa kuwa anamjua: atashika panga, naye ataishia gerezani. Kijana wa kiume, ambaye husahaulika kabisa katika mazungumzo haya, anaogopa kuchekwa.

Kwa hiyo anza mapema. Habari ya ubakaji ikisomwa redioni, usiulize yule binti alifuata nini usiku, kwani anayekusikiliza kimya jikoni huenda anakupima.

Siku atakapokuambia, mpe pole, mwambie unamwamini, kisha nyamaza umsikilize. Usimwulize alivaa nini wala kwa nini hakupiga kelele; mtu aliyepatwa na hofu kubwa anaweza kuganda asiweze hata kutoa sauti. Akiwa mtu mzima, usimpelekee mama mkubwa habari hiyo bila ridhaa yake. Akiwa mtoto, usimwahidi siri, bali mweleze kwamba utawaambia wanaoweza kumlinda. Namba 116 ni ya simu ya msaada kwa watoto.

Hospitali isisubiri uamuzi wa kushtaki. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hutumika hadi siku 5. Ni vyema asioge wala kufua nguo kwanza, lakini hata kama ameshaoga, aende. Akitaka kushtaki, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi ndilo la kuendea, na asikate tamaa kwa kuwa hapakuwa na shahidi: sheria yetu inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mwathirika peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli.

Kama mnaishi vijijini Bahi au Chamwino, mtafutie nauli na upande gari pamoja naye.