Kuchanganya rangi bila kuishia na tope (kwa wanaoanza sanaa)

Hii ni kwa madogo wa sekondari wanaosoma sanaa. Wiki hii nimekaa na mmoja wa kidato cha pili na swali lake ni lile lile la wote: mwalimu kasema nyekundu na buluu inatoa zambarau, mbona mimi napata kahawia? Twende.

Hatua ya 1: vifaa

Boksi la rangi 24 usinunue. Ukitaka kijani unaminya kijani, hujifunzi kitu. Tafuta tyubu za akriliki au rangi za bango (poster colour): njano ya limau, nyekundu, majenta (nyekundu inayoelekea pinki), buluu mbili (moja inayoelekea kijani, nyingine inayoelekea zambarau, hii huandikwa ultramarine) na nyeupe kubwa maana ndo inaisha haraka. Nyeusi iache dukani, nitasema kwa nini. Sahani nyeupe ya plastiki inatosha kuwa paleti. Kuchanganyia tumia kisu cha kupakia Blue Band, sio brashi, brashi inaficha rangi ya zamani kule ndani kwenye shina la manyoya halafu inakuja kutokea katikati ya kazi.

Rangi ya mafuta ya kopo, ile ya mageti, haifai kwa zoezi hili kwa sababu haioshwi na maji. Najua wachoraji wa Tingatinga wanaitumia, na Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alianza nayo Dar mwaka 1968, lakini ile ni kazi ya kupanga rangi kali moja kando ya nyingine, na hapa tunachanganya.

Hatua ya 2: duara

Chora duara, gawa vipande 12, weka njano, nyekundu na buluu kwa umbali sawa. Basi, vipande vya katikati yao utavijaza na rangi utakazochanganya.

Hatua ya 3: chungwa na kijani

Anza na rangi hafifu, ile kali iongeze kidogo kidogo. Kwa kijani weka njano kwanza, halafu buluu kiasi cha kichwa cha kiberiti, changanya, angalia, ongeza. Ukianza na buluu utamaliza tyubu nzima ya njano na bado giza liko pale pale.

Hatua ya 4: zambarau

Hapa ndo watu wanakata tamaa kwa hiyo soma taratibu. Hakuna tyubu ya nyekundu tupu wala buluu tupu, kila moja ina upande inaoegemea. Nyekundu nyingi za madukani, ile ya kama nyanya, zinaegemea chungwa, maana yake ndani yake kuna njano. Sasa ukiitia buluu umeshaweka rangi zote tatu za msingi kwenye sahani moja, na zote tatu zikikutana zinauana, unabaki na kahawia au kijivu. Ikiwa na buluu yako nayo ni ile inayoelekea kijani ndo kabisa, hiyo nayo imekuja na njano yake.

Kwa hiyo zambarau safi ni majenta + ultramarine. Ndo maana wino wa printa wa rangi ni samawati, majenta, njano na nyeusi, nyekundu ya nyanya haimo.

Utajuaje tyubu yako inaegemea wapi? Usiitazame ilivyo nzito, chukua tone, litie nyeupe nyingi. Nyekundu ikigeuka rangi ya nyama ya papai ina njano, ikigeuka pinki ya kibaridi hiyo ndo unayoitaka. Tyubu nzuri zina alama ndogo ya herufi na namba ubavuni inayotaja rangi iliyomo, PR122 ni majenta, PB29 ni ultramarine. Za bei chee mara nyingi hazina, hapo tegemea jaribio la nyeupe.

Halafu kuna mtego mwingine: zambarau safi ni giza mno, kwenye sahani inaonekana kama nyeusi, mwanafunzi anadhani kaharibu anamwaga. Usimwage! Itie nyeupe kidogo uione kwanza. Na kisu kiwe kimefutwa, njano kidogo tu iliyobaki toka hatua ya 3 inarudisha tope. Akriliki ikikauka inatia giza kidogo pia, kwa hiyo ichanganye nyeupe kuliko unavyotaka iwe.

Hatua ya 5: kupoza rangi

Rangi ikipiga kelele, yaani ikiwa kali mno, usitie nyeusi. Njano ukiitia nyeusi inageuka kijani cha zeituni, jaribu uone. Tumia rangi inayoitazama ng'ambo ya duara: njano kwa zambarau, nyekundu kwa kijani, buluu kwa chungwa. Tone moja tu. Kivuli cha ndizi mbivu kinatoka vizuri hivi.

Hatua ya 6: majirani

Paka viboksi viwili vya kijivu kile kile, kimoja kizungushie nyekundu, kingine kijani. Cha kwanza kitaonekana kina ukijani, cha pili kina uwekundu. Mkemia Mfaransa Michel-Eugène Chevreul aliligundua hili kwenye karakana ya Gobelins, kiwanda cha Paris cha kufuma mazulia ya ukutani, watu walilalamika nyuzi nyeusi zimefifia, akapima akakuta nyuzi hazina shida, shida ni rangi zilizo pembeni yake. Kitabu chake kilitoka 1839. Kwa hiyo kabla hujachanganya upya rangi uliyoiona mbaya kwenye picha, ipake pembeni kwenye karatasi nyeupe. Kama pale iko sawa, badilisha jirani yake.