Somo: Kukokotoa athari za joto kwenye miundo myepesi ya vyombo vya anga, hatua kwa hatua

Wakuu, salaam. Somo hili ni la wale ambao tayari wanaweza kuendesha programu ya elementi (inayogawa muundo vipande vidogo, yaani elementi, na kuvikokotoa), lakini wakifika kwenye joto la anga za juu wanaishia na picha nzuri ya rangi nyekundu na bluu wasiyoweza kuitetea mbele ya mtu. Tutafuata mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: mrija wa mita 5, nusu kipenyo milimita 10, unene wa ukuta milimita 0.2. Ncha moja imefungwa kwenye satelaiti, ya pili iko huru. Mirija ya aina hii ndiyo inayobeba antena, vipimasumaku na paneli za jua za kukunjua. Tutaukokotoa wa alumini, kisha wa kompositi ya nyuzi za kaboni (nyuzi zilizoshikanishwa kwa resini). Shikeni kalamu na kikokotoo, programu tutaifungua baadaye.

Hatua ya 1: Jua unatafuta halijoto gani

Betri na saketi zinajali wastani: ziko nyuzi ngapi, basi. Muundo hauko hivyo. Mrija ukipata joto sawasawa pande zote unarefuka kidogo tu na kubaki umenyooka. Kinachoupinda ni tofauti ya halijoto kati ya upande unaoelekea jua na upande wa kivulini. Kwa hiyo modeli inayotoa wastani sahihi kabisa inaweza kuwa haina maana yoyote kwa mtu wa miundo. Andika swali lako kwenye karatasi kabla ya kuchora hata nodi (pointi ya hesabu) moja.

Hatua ya 2: Mizigo ya joto

Jua linatoa wati 1361 kwa mita ya mraba kwenye umbali wa wastani wa Dunia. Mwanzoni mwa Januari, Dunia ikiwa karibu zaidi na jua, ni takriban 1408. Mwanzoni mwa Julai ni takriban 1317. Dunia yenyewe inarudisha karibu asilimia 30 ya mwanga unaoifikia, na inatoa mnururisho wake wa joto wa takriban wati 240 kwa mita ya mraba. Anga tupu ni kelvini 3, yaani kwa hesabu zetu ni sifuri. Kwenye mzingo wa kilomita 400, mzunguko mmoja huchukua dakika 92 hivi, na hadi dakika 36 kati ya hizo huweza kupita ndani ya kivuli cha Dunia.

Tengeneza hali mbili za kupindukia: ya joto kali (Januari, rangi iliyochakaa) na ya baridi kali (Julai, rangi mpya). Rangi nyeupe hunyonya mwanga zaidi kadiri miale ya urujuanimno inavyoishambulia, kwa hiyo usitumie namba ya siku ya kwanza kwa chombo kitakachokaa juu miaka kumi.

Hatua ya 3: Nodi moja kwanza

Chukua bamba linaloelekea jua moja kwa moja na linalotoa mnururisho pande zote mbili. Linachonyonya ni sawa na linachotoa:

αS = 2εσT⁴

S ni zile wati za jua kwa mita ya mraba, T ni halijoto kwa kelvini, α ni uwezo wa kunyonya mwanga wa jua, ε ni uwezo wa kutoa mnururisho, σ ni 5.67 × 10⁻⁸. Rangi nyeusi yenye α 0.95 na ε 0.87 inakupa kelvini 338, yaani nyuzi 65 za Selsiasi. Rangi nyeupe yenye α 0.2 na ε 0.85 inakupa kelvini 230, yaani nyuzi 43 chini ya sifuri. Jua ni lile lile, bamba ni lile lile, kilichobadilika ni rangi tu. Mtu anayebishana kuhusu ukubwa wa elementi kabla hajahakiki α na ε anapoteza muda wake.

Sasa zima jua. Bamba jeusi la alumini la milimita 1 linabeba jouli 2430 kwa kila kelvini kwa mita ya mraba, na muda wake wa kuitikia ni kama sekunde 159. Utando wa Kapton (aina ya plastiki) wa maikromita 25 wenye sifa zile zile za uso unaitikia kwa sekunde 2.5 hivi. Hapa ndipo wepesi unapobadilisha kila kitu: utando huo hauna akiba ya joto ya kutegemea, unafuata mazingira papo hapo.

Hatua ya 4: Mrija, ambapo kuna mambo

Upande mmoja wa mrija unapigwa na jua, mwingine hauoni kitu. Halijoto kuzunguka mrija inaweza kuandikwa kama wastani T pamoja na sehemu inayopanda na kushuka, ΔT cos φ, ambapo φ ni pembe kutoka upande wa jua. Wastani unatoka kwenye εσT⁴ = αS/π. Sehemu ya pili inatoka hapa:

ΔT = (αS/2) ÷ (kt/R² + 4εσT³)

k ni upitishaji joto wa ukuta, t ni unene wake, R ni nusu kipenyo. kt/R² ni joto linalopita ndani ya ukuta kutoka upande wa jua kwenda kivulini. 4εσT³ ni joto linalotoka nje kwa mnururisho. Weka α 0.9 na ε 0.8, wastani ni kelvini 304.

Alumini: k ni 167, kwa hiyo kt/R² ni 334 na ΔT ni kelvini 1.8 tu. Kompositi: chukua k ya kuzunguka mrija kuwa 1. Sasa kt/R² ni 2 tu, na ΔT inaruka hadi kelvini 86.

Usikimbilie kuandika ripoti. Bado hatujahesabu mnururisho wa ndani ya mrija, yaani upande wa moto kuupasha upande wa baridi kupitia uwazi wa katikati. Kama uso wa ndani ni mweusi, ongeza (4/3) × 4σT³ kwenye kigawanyo, karibu 8.5. ΔT ya kompositi inashuka hadi 39. Ya alumini haitikisiki. Kwenye alumini unaweza kuuacha mnururisho wa ndani na hakuna atakayejua. Kwenye kompositi ukiuacha umekosea zaidi ya mara mbili.

Mpindo wa ncha ni (CTE × ΔT / R) × L²/2, ambapo CTE ni kigezo cha utanukaji na L ni urefu wa mrija. Alumini ina 23 × 10⁻⁶, nasi tunapata milimita 52. Kompositi tuipe 0.5 × 10⁻⁶: tunapata milimita 24.

Tulieni hapo kidogo. Kompositi inatanuka mara 46 pungufu ya alumini, lakini mrija wake umepinda karibu nusu ya ule wa alumini. Faida karibu yote imeliwa na upitishaji duni wa joto. Ndiyo maana sikubaliani kabisa na usemi kwamba nyuzi za kaboni hazitanuki, hivyo joto halina shida. Shida ipo, imehamia kwenye ΔT.

Hatua ya 5: Linganisha saa mbili

Saa ya kwanza ni ya joto: ρct (msongamano mara joto mahususi mara unene) gawanya kwa kile kigawanyo cha hatua ya 4. Alumini inakupa sekunde 1.4, kompositi 18. Saa ya pili ni ya mtikisiko: kipindi cha mrija kujitikisa wenyewe. Wa alumini ni sekunde 1.2, wa kompositi kama 0.7.

Saa hizo zikikaribiana, mrija hauishii kupinda, unatikisika. Bruno Boley alilionyesha hili mwaka 1956. Darubini ya Hubble, iliyorushwa Aprili 1990, ililionyesha kwa gharama kubwa: paneli zake za jua zilitikisika kila ilipovuka kati ya mchana na usiku, na picha zikatikisika nazo. Zilibadilishwa Desemba 1993. Kwenye mfano wetu alumini ndiyo iliyo hatarini, ingawa ΔT yake ni ndogo. Kompositi inapinda taratibu kama mtu anayejinyoosha asubuhi, mtikisiko hauamki.

Hatua ya 6: Kuhamishia joto kwenye modeli ya muundo

Sasa fungua programu. Meshi (wavu wa nodi na elementi) ya joto na meshi ya muundo hazilazimiki kufanana, na mara nyingi hazifanani. Hatari ni pale nodi za joto zikiwa chache kuzunguka mrija: ukiweka nne tu, umbo la cos φ linapotoka na mpindo unapotoka nalo. Weka kuanzia 16.

Jambo jingine ni halijoto ya marejeo, ile ambayo muundo hauna mkazo wowote. Kompositi iliyookwa kwa nyuzi 180 za Selsiasi tayari ina mikazo ndani yake inapofika nyuzi 20. Ukiiweka marejeo kuwa 20 kwa mazoea, mikazo kati ya tabaka itatoka midogo kuliko hali halisi.

Hatua ya 7: Kuhakiki

Jumlisha joto linaloingia, linalotoka na linalobaki. Zisipolingana, simama. Kisha punguza ukubwa wa elementi nusu, kisha punguza hatua ya muda nusu, uone kama jibu linahama. Mwisho linganisha na hesabu za mkono za hatua ya 3 na 4. Zikipishana kwa asilimia chache ni sawa, maana ΔT ya 39 tayari inaisumbua fomula yetu iliyonyooshwa, inayochukulia ΔT ni ndogo kando ya T. Zikipishana mara tatu, tafuta kosa kwenye modeli.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, shukrani kwa somo. Modeli yangu ya alumini inalipuka, halijoto inaenda hadi maelfu. Natumia njia ya moja kwa moja (explicit), elementi za milimita 10, hatua ya sekunde 5.

Jibu: Hatua ni kubwa mno. Kwa njia hiyo kikomo ni ρcΔx²/2k, na kwa namba zako ni sekunde 0.73. Δx ni ukubwa wa elementi. Kumbuka ukipunguza ukubwa huo nusu, kikomo kinashuka mara nne. Hamia njia isiyo ya moja kwa moja (implicit), hailipuki. Lakini kutolipuka si usahihi: kama muda wa kuitikia ni sekunde 1.4, hatua ya sekunde 5 itaruka tukio lote.

Swali: Mwalimu, ile k ya 1 kwa kompositi umeitoa wapi? Jedwali la mtengenezaji wangu linasema makumi.

Jibu: Soma vizuri ni mwelekeo gani. Kando ya nyuzi inaweza kuwa makumi, hata mamia kwa nyuzi zilizotengenezwa kutokana na lami. Kukatiza nyuzi ni resini inayotawala, na huko ni karibu 1 au chini. Mrija wenye nyuzi zote kwa urefu unakupa k ndogo kuzunguka. Ukizungusha tabaka kadhaa kwa pembe ya digrii 45 au 90, k ya kuzunguka inapanda na ΔT inashuka, ila ugumu wa kupinda nao unapungua na CTE inabadilika. Kokotoa vyote vitatu pamoja.

Swali: Hatua ya 5 umechukulia jua linawaka ghafla kama swichi. Si kuna nusu kivuli, yaani ukanda wa pembeni ambapo jua linafichika kidogo kidogo?

Jibu: Swali zuri sana ndugu, na ni kweli. Kwenye kilomita 400, ukivuka kivuli katikati, nusu kivuli huchukua sekunde 8 hivi. Kwa mrija wetu mtupu wenye kipindi cha 1.2 hilo ni pole pole, mtikisiko unapungua sana. Lakini hakuna anayerusha mrija mtupu. Ufunge kifaa cha nusu kilo nchani, kipindi kinakuwa sekunde 4.5. Cha kilo 2, kinakaribia 9, sawa na muda wa nusu kivuli wenyewe. Kwa hiyo ingiza jua kama mteremko wa sekunde 8, weka uzito halisi wa nchani, ndipo uendeshe. Na kama mpindo unabadilisha pembe ya jua kwa kiasi cha kuonekana, rudisha pembe mpya kwenye modeli ya joto kila hatua ya muda.