Namna ya kukusanya na kuandika habari za wahitimu: mwongozo kwa wawakilishi wa promosheni, Bukavu

Mwongozo huu nimewaandikia kaka na dada waliokubali kukusanya habari za wenzao waliosoma nao katika vyuo vikuu vya Kikristo vya hapa kwetu: ndoa, uzazi, vyeo, safari za masomo na misiba, pamoja na habari za chuo chenyewe. Kazi hii huonekana ndogo. Nimeifanya kwa miaka kadhaa, na nimeona jinsi habari ya mistari mitano, iliyoandikwa kwa haraka, inavyoweza kuvunja urafiki wa miaka ishirini, na jinsi mistari mitano mingine, iliyoandikwa kwa uangalifu, inavyokatwa na mama mzazi kule Walungu na kuwekwa ndani ya Biblia yake. Neno ninalotaka mlishike kabla ya mengine yote ni hili: habari ya mtu ni mali yake mwenyewe, nanyi mmeazimwa tu.

Anzeni na daftari

Kabla ya kumpigia mtu yeyote simu, tengenezeni orodha ya promosheni yenu, yaani wote waliomaliza pamoja katika kitivo kimoja. Vyuo vyetu si vya kale sana, lakini vimekwisha kuwa na vizazi: ULPGL ya Goma (Université Libre des Pays des Grands Lacs) ilianza mwaka 1985, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu mwaka 1989, na Université Évangélique en Afrique, ile UEA ya Panzi, mwaka 1991. Wapo wahitimu ambao leo ni babu na bibi, na majina ndiyo yatakayowasumbua kwanza. Aliyezaliwa na kusoma wakati wa Zaire aliandikishwa chini ya siasa ya mwaka 1972 iliyowataka raia waache majina ya Kikristo, hivyo hati zake za zamani zinamjua kwa jina na postnomu, yaani jina la pili la kienyeji, peke yake. Miaka ya 1990 ilipoanza, wengi walirudia majina yao ya ubatizo, na leo huenda hakuna mtu kanisani kwake anayemwita kwa jina lililo kwenye diploma. Kwa dada zetu kuna jambo la ziada: akishapata mtoto wa kwanza, mtaa mzima humwita Mama Fulani, hata majirani wa miaka kumi wasijue jina lake la shuleni. Kwa hiyo wekeni nafasi mbili katika daftari, moja kwa majina kamili kama yalivyo kwenye diploma, na nyingine kwa jina analoitwa sasa. Habari ikitoka, iwe na yote mawili, la sivyo wenzake wataisoma na kuipita bila kumtambua.

Jambo la pili ni mwaka. Msiandike tu kwamba mtu ana lisansi. Katika utaratibu wa zamani mwanafunzi alisoma gradua miaka mitatu, kisha lisansi miaka miwili. Katika utaratibu wa LMD (lisansi, masta, doktora), ambao nchi yetu iliueneza kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, lisansi ndiyo shahada ya kwanza, ya miaka mitatu. Neno ni lilelile, lakini masomo yake hayalingani, na mwajiri anayesoma habari yenu anaweza kumpunguzia mtu miaka miwili ya jasho. Andikeni pia mwaka wa masomo kwa namba mbili, kwa mfano 2019-2020, wala si mwaka wa kolasyo, yaani sherehe ya kutunukiwa shahada, peke yake. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, kalenda iliteleza, na wako waliovaa joho muda mrefu baada ya mwaka ulioandikwa kwenye hati zao.

Kusikia na kuthibitisha

Siku hizi habari nyingi hutufikia kwa sauti, kupitia WhatsApp, usiku, mara nyingi katika makundi ambamo kila mmoja anaongeza neno lake. Tuseme imeingia sauti ya namna hii: "Wapendwa, Bwana asifiwe! Mama Furaha amejifungua salama, ni mapacha, yuko Panzi, tumshukuru Mungu." Sauti hiyo ni ya kweli na ina furaha tele, lakini bado haijawa habari ya kuandikwa. Hatujui ni Mama Furaha yupi, maana katika promosheni moja wanaweza kuwa watatu. Hatujui kama Panzi ni mtaa au ni hospitali. Hatujui kama watoto wote wawili wako hai, kwa kuwa msemaji amesema juu ya mama tu. Zaidi ya yote, hatujui kama yeye mwenyewe anataka itangazwe. Mpigie mama huyo au mume wake baada ya siku kadhaa, umpongeze kwanza, umwache aongee, halafu uombe ruhusa kwa maneno ya wazi: "Dada, unakubali tuwajulishe wenzetu? Tuandike nini, tuache nini?" Nimewahi kujibiwa, "Ngoja kwanza, mmoja bado yuko kwenye mashine ya joto ya watoto wachanga," na nikashukuru kwamba nilikuwa sijaandika hata herufi moja.

Baada ya kuandika, msomee maneno yako kwa simu, sentensi kwa sentensi. Hatua hii watu huiruka kwa sababu ya bei ya unite, yaani salio la simu, na mimi nasihi kwamba kama fedha za chama ni kidogo, heri zipungue kwenye soda za mkutano kuliko hapa.

Ndoa

Kwetu mtu humwoa mke yuleyule kwa hatua tatu. Kwanza mahari hupelekwa kwa familia, kisha ndoa huandikishwa kwenye ofisi ya komini, yaani tarafa ya mji, mbele ya serikali, mwisho hubarikiwa kanisani. Na kati ya hatua moja na nyingine huweza kupita miezi, hata miaka. Tajeni hatua iliyokwisha kufanyika na tarehe yake, wala msiitangulie. Kuandika "wamefunga ndoa" wakati mahari tu ndiyo imetolewa ni kuwatia wenzenu katika maswali mbele ya wazee wa kanisa. Ulizeni pande zote mbili, na kama mmoja anasitasita, subirini.

Kwa uzazi nimekwisha kusema mengi. Nitaongeza moja: makanisa yetu mengi ya Kipentekoste huwabariki watoto wachanga mbele ya ushirika na kuwabatiza wakiwa wakubwa, huku Wakatoliki wakiwabatiza wangali wachanga. Andikeni kilichotendeka katika kanisa la wazazi, maana wazazi huliona kosa hilo kabla ya mengine yote.

Vyeo

Kila cheo kitajwe kama kilivyo. Daktari wa tiba si lazima awe na shahada ya uzamivu, na mwenye shahada hiyo si lazima awe daktari wa tiba. Kwa Kiswahili neno ni moja, hivyo ongezeni maneno mawili matatu ya kufafanua. Katika vyuo mtu hupanda kutoka asistenti hadi shefu de travo (chef de travaux, mhadhiri ambaye bado si profesa), kisha hadi profesa baada ya kutetea tasnifu yake, na kumwita profesa aliye bado shefu de travo si heshima, ni kumwaibisha mbele ya wenzake wa kitivo. Mchungaji aliyewekewa mikono atofautishwe na mwinjilisti anayelitumikia kanisa bila kuwekewa mikono. Na asiyekuwa na cheo cha kutangaza naye ana habari: mwagronomia, yaani mtaalamu wa kilimo, anayelima kabichi zake mwenyewe Kabare, mwalimu aliyedumu darasa moja miaka kumi na mitano, hawa mkiwaacha kila mara, mtakuwa mnawaambia kwamba chuo kinawajua wenye ofisi tu.

Maombi yasigeuzwe kuwa habari

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ni hatari inayotukabili sisi watu wa vyuo vya Kikristo hasa. Mtu hufungua moyo wake katika kundi dogo la sala: ndoa yake inayumba, amepoteza kazi, amepimwa na kukutwa na ugonjwa, mimba imeharibika. Anayemsikia hulibeba neno hilo kwa nia njema, akaliingiza katika kundi la promosheni nzima kwa maneno "tumwombee ndugu yetu", na jioni ileile jambo limefika Kinshasa na Kampala. Mwandishi wa habari za wahitimu asilipokee kwa njia hiyo. Ombi la sala lina mwenyewe, na walioitwa kuomba wamehesabika. Hata akikuambia mwenyewe, muulize waziwazi kama amekuambia wewe kama rafiki au kama mwandishi. Asipokuwa na hakika, jibu ni kwamba amekuambia kama rafiki.

Msiba

Mwaka mmoja tulitangaza kifo cha mwenzetu saa tatu usiku, baada ya kuthibitishiwa na watu wawili waliokuwa hospitalini. Kila neno tuliloandika lilikuwa kweli. Mama yake alikuwa kijijini, na wazee wa kanisa walikuwa njiani kwenda kumwambia, kwa miguu, kwa kuwa mvua ilikuwa imekata barabara. Asubuhi, kabla hawajafika, jirani mwenye mtoto anayesoma chuoni aliingia uani akamkuta mama anachambua maharagwe kwenye ungo, akamwambia, "Pole sana, mama." Yule mama akauliza, "Pole ya nini?" Nilisimuliwa hayo siku ya mazishi, na kwa muda mrefu sikuweza kuandika tangazo jingine.

Tangu siku ile nauliza swali moja kabla ya yote, na namuuliza msemaji wa familia peke yake: je, wote wanaopaswa kuambiwa ana kwa ana wamekwisha kuambiwa? Bila jibu la ndiyo, tangazo linakaa, hata kama mji mzima unajua.

Likianza kuandikwa, sentensi ya kwanza iseme kwamba amefariki dunia. Maneno ya imani yetu, kwamba amelala katika Bwana, kwamba ameitwa nyumbani, ni mazuri na yana mahali pake chini zaidi. Lakini aliye mbali, anayesoma kwa haraka kazini, anahitaji kuelewa mara moja. Kisha tajeni kilio kiko wapi, ibada na mazishi ni lini, na nani anapokea rambirambi. Namba ya M-Pesa au Airtel Money itoke mkononi mwa familia, na uihakikishe kwa kupiga simu, kwa sababu wapo wanaotuma namba zao wenyewe wakati watu wanalia. Sababu ya kifo iandikwe tu ikiwa familia imetaka. Michango itangazwe kwa jumla, bila kuweka kiasi mbele ya jina la kila mtu. Aliyetoa kidogo mara nyingi ndiye aliyejinyima zaidi.

Habari za chuo

Hapa kanuni ni fupi: andikeni kilichofanyika. Jiwe la msingi si jengo, na mkataba uliotiwa sahihi si maabara. Msivute majina makubwa kwa nguvu pia. Dakta Denis Mukwege alianzisha Hospitali ya Panzi mwaka 1999, wanafunzi wa tiba wa UEA hujifunzia kazi humo, na mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel pamoja na Nadia Murad. Hayo yote ni fahari halali ya Bukavu. Lakini udaktari aliusomea Burundi, akabobea Ufaransa, kwa hiyo asihesabiwe kati ya wahitimu wetu.

Wenzetu waliotawanyika

Tangu Goma ilipochukuliwa na kundi la waasi la M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, wenzetu wengi wameondoka kwenda Uvira, Bujumbura, Kinshasa, Nairobi na kwingineko. Msiandike mtaa anaokaa mtu, wala njia aliyopitia, wala kwamba nyumba yake imebaki bila mtu. "Anawasalimu wote" inatosha. Picha nazo zichunguzwe kwa jicho hilohilo: kibao cha shule nyuma ya watoto, namba ya gari, lango la nyumba. Mwenye picha akikubali leo na kesho akabadili mawazo, iondolewe bila kuulizwa sababu.

Daftari lenyewe liandikwe kwa kalamu, na nakala yake ikae katika nyumba nyingine, katika komini nyingine ikiwezekana, kama moja iko Ibanda basi ya pili iwe Bagira au Kadutu. Umeme hukatika, simu hupotea, na ofisi huweza kuporwa usiku mmoja. Safu ya mwisho ya kila ukurasa iwe ya jina la aliyethibitisha na tarehe. Siku ya kulikabidhi kwa anayekufuata, msiachiane mlangoni: kaeni pamoja mchana mmoja, mpitie kila jina ambalo safu yake ya mwisho ni tupu, umweleze ulimtafuta wapi, na ni nani aliyesema atakupigia tena.