Leseni ya boti ya kuishi kwenye mifereji ya England na Wales: jinsi ya kuomba

Kodi ya nyumba London ikishamkaba mtu, wazo la kununua boti na kuhamia mferejini huanza kumjia. Kama umefika hapo, kabla hujatoa hata pauni moja, mjue kwanza utakayemwomba leseni.

Zamani mifereji mingi ya England na Wales ilikuwa chini ya shirika la umma, British Waterways. Tarehe 2 Julai 2012 serikali iliikabidhi, pamoja na baadhi ya mito, kwa taasisi ya hisani iitwayo Canal & River Trust. Ni njia za maji za kama kilomita 3,200. Scotland haikuguswa, kule mifereji ilibaki serikalini. Sasa watu wakisikia "hisani" hudhani mambo yatakwenda kwa huruma. Wapi! Sheria ya mwaka 1995 iliyotungwa enzi za shirika la zamani ndiyo inayotumika mpaka leo, na Trust imerithi meno yake yote: inaweza kukunyima leseni, na ukizidi ukaidi inaweza kuiondoa boti yako majini.

Kwanza hakikisha maji unayoyataka ni yao. Mto Thames sehemu ya juu, kutoka Teddington, uko chini ya Environment Agency, shirika la serikali la mazingira, na mabwawa ya Norfolk yana mamlaka yake. Mwenye kupita huku na huku kati ya maji ya Trust na ya Environment Agency hukata leseni moja inayofaa kote, iitwayo Gold.

Halafu kusanya karatasi. Cheti cha usalama ndicho cha kutafuta mapema kuliko vyote, kwa sababu mkaguzi anayetambuliwa na Boat Safety Scheme, mpango wa usalama wa boti, lazima apande botini, na malipo yake ni juu yako. Ataangalia mitungi ya gesi: imekaa ndani ya sanduku lake, na chini kuna tundu la kutolea gesi nje? Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama sakafuni ikingoja cheche. Ataangalia pia nyaya, vizimamoto, matundu ya hewa, na kengele ya kaboni monoksidi, ambayo imekuwa lazima tangu Aprili 2019. Cheti hudumu miaka 4. Ukinunua boti iliyotumika, omba kukiona kabla ya kuanza kupatana bei, maana muuzaji anayesema "kipo, nitakutumia" mara nyingi hana.

Bima inayodaiwa ni ile ya kulipa madhara utakayowasababishia wengine, kama bima ndogo ya gari kule nyumbani.

Sasa swali linalowatesa wengi kwenye fomu: boti yako ina kituo cha kudumu, yaani mahali pake pa kuegeshwa, au haina? Ukisema inacho, utaje ni wapi, na kituo hicho hulipiwa mbali na leseni. Ukisema haina, umeahidi kwamba utasafiri kikwelikweli muda wote wa leseni, bila kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14, isipokuwa pawe na sababu ya maana. Kusogea mita mia na kurudi hakuhesabiki. Trust imeshasema kwamba ni vigumu mtu kuwaridhisha ikiwa mwaka mzima amezunguka ndani ya maili 15 hadi 20 tu, na wafanyakazi wao hupita kandokando ya mfereji wakiandika namba za boti na mahali zilipo. Kwa hiyo kama una watoto shuleni au kazi ya zamu mtaa mmoja, piga hesabu hiyo leo. Kwa maoni yangu, familia yenye mtoto wa shule itafute kituo kwanza, boti baadaye, hata kama vituo vya London ni adimu na ghali. Tena tangu Aprili 2024 wasio na kituo hutozwa nyongeza juu ya ada ya kawaida, nayo inapanda mwaka hadi mwaka.

Fomu yenyewe hujazwa mtandaoni. Andaa jina, anwani ya kupokelea barua, namba ya boti, urefu na upana. Ada hufuata urefu, na boti pana huongezewa, kwa hiyo pima mwenyewe kwa futi kamba, usitegemee tangazo la muuzaji. Leseni ya mwenye boti wa zamani haihamii kwako, lazima ukate yako. Boti za mferejini hazina kadi ya umiliki, basi hifadhi vizuri hati ya mauziano yenye sahihi za pande zote mbili. Ukishapata leseni, namba ya boti ionekane wazi ubavuni.

Ukiugua, injini ikifa au mfereji ukiganda kwa barafu, waandikie Trust kabla ya siku 14 kwisha, ueleze uko wapi na unahitaji muda gani, na uambatanishe barua ya daktari au ya fundi. Mwenye ulemavu anaweza kuomba apunguziwe masharti ya kusafiri chini ya Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, na ombi hilo ni bora lipelekwe mapema, kabla barua za onyo hazijaanza kuja.