Kutyuni gitaa kwa mlio wa kengele

Mwezi wa saba hapa Mbeya, gitaa lililolala stoo ya kanisa asubuhi huwa nyuzi zimepanda: chuma kikipoa kinajivuta. Shuka nalo Kyela kwenye joto, zinalegea. Ndiyo maana vijana wangu wa Mwanjelwa nawafundisha hili kabla ya wimbo wowote.

Hatua ya 1. Weka ncha ya kidole juu kabisa ya chuma cha freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa; hesabu kutoka kichwani). Gusa tu, usibonyeze. Chapa uzi wa 6, ule mnene, na uinue kidole papo hapo. Utasikia kengele, oktavu moja (noti ileile, mitetemo mara mbili) juu ya uzi mtupu, yaani usioguswa.

Ukichapa uzi, mawimbi hukimbia na kurudi kati ya ncha zake mbili zilizoshikwa. Yanayoenea sawasawa kwenye urefu huo hubaki kama yamesimama: uzi mzima, nusu mbili, theluthi tatu, robo nne, yote kwa wakati mmoja. Mipakani mwa vipande uzi hautikisiki. Kidole kinaua kila mtetemo unaohitaji kutikisika pale, na kuuacha ule ambao hapo umetulia. Ukikosea hata nusu sentimita mlio unafifia.

Hatua ya 2. Kwenye uzi wa sentimita 65, theluthi iko 21.7 kutoka kichwani (freti ya 7) na robo iko 16.25 (freti ya 5). Zijaribu zote. Freti ya 7 huwasumbua wengi.

Hatua ya 3. Uzi wa 6 uchukue kwenye kinanda: E, mitetemo 82.4 kwa sekunde. Gusa freti yake ya 5, upate mara nne, 329.6. Kwenye uzi wa 5 (A, 110) gusa freti ya 7, upate 330. Ziache zilie pamoja. Sauti ikiyumba wau-wau-wau, zungusha kikazio cha uzi wa 5 mpaka iyumbe polepole, mara moja kwa sekunde mbili na nusu hivi, uzi wa 5 ukiwa juu kidogo. Wengi huua kuyumba kote. Kwa kwaya haidhuru, ila mimi nauacha huo mdogo, ili uzi wa 5 ubaki kwenye 110 yake. Fanya hivyo uzi wa 5 (freti ya 5) kwa uzi wa 4 (freti ya 7), kisha wa 4 kwa wa 3.

Hatua ya 4. Kati ya uzi wa 3 na wa 2 njia hii inagoma. Uzi wa 2 ukiwa mtupu, ulinganishe na kengele ya freti ya 7 ya uzi wa 6. Wa 1 na kengele ya freti ya 5 ya uzi huohuo wa 6.

Nyuzi zenye kutu zitakudanganya kila hatua. Badilisha kwanza.