Kupima kisukari baada ya kujifungua ikiwa ulikuwa na kisukari cha ujauzito

Kwa wanawake wengi, kisukari cha ujauzito huondoka pamoja na kondo la nyuma, kwa kuwa homoni za kondo hilo ndizo zilizokuwa zikiizuia insulini kufanya kazi yake. Sukari hushuka, dawa husimamishwa, macho yote humgeukia mtoto, na kipimo cha mama husahaulika. Hilo linanisikitisha, kwa sababu aliyewahi kuwa na kisukari cha ujauzito anakabiliwa na hatari ya kisukari cha aina ya pili iliyo kubwa mara saba hadi kumi kuliko ya mwenzake asiyewahi kuwa nacho, na wapo waliokuwa nacho hata kabla ya mimba bila kujua.

Kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, omba upangiwe tarehe ya kupimwa kati ya wiki ya 4 na ya 12 baada ya kujifungua. Iandike kwenye kadi ya chanjo ya mtoto, kwani hiyo ndiyo kadi utakayoifungua mara kwa mara. Yako mwenyewe huenda ikabaki mkobani.

Kipimo kinachopendekezwa zaidi ni kile cha kunywa glukosi. Kwa siku tatu kabla yake kula kama kawaida, bila kujinyima wanga, kisha usiku wa kuamkia siku yenyewe ukae angalau saa 8 bila kula chochote. Maji matupu yanaruhusiwa. Asubuhi utatolewa damu, upewe gramu 75 za glukosi zilizoyeyushwa katika maji, uzinywe ndani ya dakika tano, na baada ya saa mbili utolewe damu tena. Kinywaji hicho ni kitamu mno, kiasi cha kumtia mtu kichefuchefu, na ukitapika mwambie mhudumu mara moja kwa sababu huenda kipimo kikalazimika kurudiwa siku nyingine. Muda wote huo uketi, usile, usivute sigara, wala usitembeetembee. Kunyonyesha kunaruhusiwa na glukosi hiyo haimdhuru mtoto, ila ukipata mtu wa kukubebea mtoto wakati sindano iko mkononi, nenda naye.

Ukiambiwa kwamba HbA1c (kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita) pekee inatosha katika wiki hizi za mwanzo, uliza tena kwa upole: damu iliyopotea wakati wa kujifungua na chembe mpya zinazoijaza nafasi yake zinaweza kushusha majibu hayo isivyo kweli.

Sukari ya milimoli 7.0 kwa lita au zaidi kabla ya kula, au 11.1 au zaidi baada ya saa mbili, ni kiwango cha kisukari, na kwa asiye na dalili daktari kwa kawaida huthibitisha kwa kipimo kingine. Ikiwa kati ya 7.8 na 11.0 baada ya saa mbili, bado si kisukari, lakini ndipo mazoezi, kupunguza uzito na pengine metformini, dawa ya kushusha sukari, huweza kukizuia; katika hali hiyo pima kila mwaka.

Majibu yakiwa mazuri, rudia kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, maisha yako yote. Na ukitaka mtoto mwingine, pima kabla ya kushika mimba, au mara tu unapojua umeshika, bila kusubiri wiki ya 24 ya mimba, ambapo kipimo hicho huanza kufanywa kwa kawaida.