Chai ya kijani katika krimu, shira na faluda: kuipika bila kuipoteza rangi na ladha

Mpishi wa Mombasa anapoishika chai, mkono wake huenda wenyewe kwenye iliki na tangawizi, na sufuria huachwa motoni mpaka chai iive pamoja na maziwa. Kwa chai ya maziwa hilo ni sawa kabisa. Kwa chai ya kijani, mambo hayo mawili, yaani kuchemshwa na kutiwa viungo vyenye harufu kali, ndiyo yanayoiua, na ndiyo sababu watu wengi wanaojaribu kuitia katika vitamutamu hupata kitu cha rangi ya matope chenye uchungu unaobaki kooni. Mimi mwenyewe krimu yangu ya kwanza ilitoka hivyo, kwa kuwa niliupika unga wa chai pamoja na maziwa tangu mwanzo.

Majani ya chai ya kijani hutoka katika mmea uleule unaotoa chai nyeusi. Tofauti ni kwamba ya chai nyeusi husagwa au kukunjwa na kuachwa yakutane na hewa hadi yawe kahawia, ilhali ya kijani hupashwa moto mapema, kwa mvuke kama wafanyavyo Wajapani au katika karai kama ilivyo desturi ya Wachina, ili mageuzi hayo yasitokee. Ukijani unaobaki ni klorofili, ambayo ikikaa motoni kwa muda mrefu au ikikutana na kitu kichachu hufifia na kuelekea rangi ya zeituni iliyopooza. Uchungu nao hutokana hasa na katekini, yaani kemikali za asili zilizomo katika jani la chai, ambazo hutoka kwa wingi zaidi kadiri maji yanavyozidi kuwa moto. Kwa hiyo katika mapishi yote yanayofuata chai huingia mwisho, moto ukiwa umekwisha kuondolewa, na limau haliingii kabisa.

Sehemu kubwa ya chai inayouzwa katika mnada wa Mombasa, ulioanzia Nairobi mwaka 1956 na kuhamishiwa hapa mwaka 1969, ni nyeusi. Lakini viwanda vya nyanda za juu za Kenya hutengeneza ya kijani pia, nayo hupatikana madukani ikiwa majani au vifuko. Hiyo inatosha kwa shira. Kwa krimu na faluda unahitaji unga ule ambao Wajapani huuita matcha, ambao vichaka vyake hufunikwa kivuli kwa wiki tatu hivi kabla ya kuchumwa, kisha majani yaliyokaushwa huondolewa vikonyo na mishipa na kusagwa polepole kwa jiwe hadi yawe laini kama poda. Usijaribu kuyasaga majani ya kawaida kwa mashine ya nyumbani, kwa sababu utapata chenga zinazokwaruza ulimi. Unaponunua unga, tazama rangi: wa kijani kibichi kinachong'aa ni mzuri, na ulioanza kuwa manjano umekwisha kuzeeka hata kama tarehe ya mkebe haijafika.

Maji ya chai hii yawe na nyuzijoto 75 hadi 80. Asiye na kipimajoto atumie hesabu rahisi inayoufaa mji wetu, ambako maji ya mtungini huwa na nyuzijoto 28 hivi: vikombe viwili vya maji yanayotokota vikichanganywa na kikombe kimoja cha maji ya mtungi hutoa karibu nyuzijoto 76.

Krimu ya nazi ndiyo ninayoithamini kuliko zote, kwa kuwa mafuta ya tui huupunguza uchungu wa chai bila kuifunika, jambo ambalo maziwa ya ng'ombe pekee hayalifanyi vizuri hivyo. Kuna nazi mbili zilizokomaa kwa mbuzi, uzikamue kwa maji machache ya vuguvugu, kisha uchuje kwa kifumbu au kitambaa safi hadi upate mililita 400 za tui zito. Pima pia maziwa mililita 120, uyagawe mafungu mawili sawa. Katika bakuli, changanya viini 4 vya mayai, sukari gramu 90, konflawa gramu 45, chumvi kidogo sana na fungu moja la maziwa, ukoroge mpaka pasiwe na madonge. Pasha tui kwa moto wa wastani hadi lianze kutoa mvuke pembezoni, kisha limimine katika bakuli hilo kidogo kidogo huku mkono mwingine ukikoroga bila kusita, maana tui la moto likimiminwa lote kwa mara moja huyaivisha mayai yakawa vipande.

Rudisha mchanganyiko wote katika sufuria na uupike huku ukikoroga hadi chini kabisa. Ukishakuwa mzito na kuanza kutoa mapovu makubwa, usiuondoe hapohapo. Uache uendelee kutokota kwa dakika moja nzima. Viini vya mayai vina kimeng'enya kinachovunjavunja wanga, na kisipouawa kwa moto krimu iliyoonekana nzito jioni hukutwa asubuhi imelegea kama uji. Baada ya dakika hiyo epua, tia siagi gramu 30, na uiache ipoe hadi uweze kuligusa sufuria kwa kiganja bila kuungua.

Inapopoa, tengeneza chai. Chekecha unga gramu 8, yaani vijiko vidogo 4 vilivyosawazishwa, kwa chujio laini. Kuchekecha kusirukwe, kwani unga huu hujishika na unyevu wa pwani na madonge yake hayayeyuki tena yakishaingia katika krimu. Uchanganye na sukari gramu 20 ukiwa mkavu, ndipo umimine fungu la pili la maziwa likiwa na moto wa kiasi, usugue kwa mchapo hadi upate rojo laini. Litie rojo hilo katika krimu na ukoroge hadi rangi iwe moja. Funika kwa karatasi ya plastiki inayogusa uso wa krimu ili isifanye utando, kisha weka katika jokofu kwa saa tatu.

Krimu hii hujazwa vizuri katika mahamri yaliyokwisha kupoa kabisa. Toboa ubavuni, ingiza ncha ya mfuko wa kujazia, ujaze ule uwazi wa ndani. Lakini unapoukanda unga wa mahamri hayo, acha iliki. Najua ombi hilo ni gumu katika mji huu, na mama mmoja niliyemwandalia alidai kwamba hamri lisilo na iliki halijawa hamri. Hata hivyo iliki ikiwepo, harufu ya chai haisikiki hata kidogo, na unga uliogharimu fedha nyingi huwa umepotea bure. Ukitaka kiungo, vanila kidogo inatosha.

Sambusa tamu ni rahisi zaidi. Kaanga nazi iliyokunwa gramu 200 na sukari gramu 100 katika karai hadi unyevu ukauke na nazi ianze kushikana, epua, ipoe kidogo, kisha nyunyizia unga wa chai gramu 4 uliochekechwa. Manda huukinga ujazo usipatwe na moto wa mafuta moja kwa moja, kwa hiyo rangi hubaki ukizikaanga kwa haraka.

Kwa shira ya kaimati tumia majani. Chemsha sukari gramu 400 kwa maji mililita 250 hadi shira ivute uzi kati ya vidole, uiepue, ingoje dakika tano, ndipo uzamishe kijiko kikubwa cha majani yaliyofungwa katika kitambaa kwa dakika tatu, kisha uyatoe bila kuyakamua. Shira haitakuwa ya kijani. Itakuwa ya dhahabu iliyopauka, na harufu yake ni ya majani mabichi yaliyonyeshewa.

Chochote chenye mayai au tui kisikae nje ya jokofu zaidi ya saa mbili, na wakati wa kaskazi, joto linapopita nyuzi 32, saa moja tu. Mkebe wa unga wa chai nao ukae jokofuni ukiwa umefungwa barabara, lakini ukiutoa usiufungue papo hapo: ungoje nusu saa uache ubaridi, la sivyo hewa yetu yenye unyevu itageuka matone ya maji juu ya unga. Na kwa kuwa katika unga huu mtu hula jani zima pamoja na kafeini yake, watoto wapewe kidogo, tena mchana, wasije wakakesha.

Kwa meza ya futari ninapendekeza faluda ya kugandisha kwa agari, unga wa mwani ambao wengi huujua kwa jina la chaina grasi. Jelatini ya kawaida huanza kuyeyuka katika joto la chumba cha Mombasa, ilhali agari ikishaganda haiyeyuki mpaka ipate karibu nyuzijoto 85. Chemsha tui jepesi mililita 500 na agari gramu 4 na sukari gramu 70 kwa dakika tatu, uepue. Hapa wakati ni mfupi: rojo la chai, la unga gramu 5 na maziwa kidogo, lingoje moto ushuke hadi nyuzijoto 60 hivi, lakini liingie kabla ya kufika 40, kwa kuwa hapo agari huwa imeanza kukamata. Mimina katika sinia iliyoloweshwa kwa maji, na ikishaganda ikate vipande vya pembe nne kama halua, uipange kando ya embe ngowe lililoiva.